Posa Iliyokatizwa na Nyama

Hagsätra, Stockholm
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Dada yangu mpendwa Naomi,

Shikamoo Dada. Natumaini maandishi haya yatakukuta u mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lako la kushoto limekubali kunyooka kwa kuwa mvua bado hazijaanza huko. Cherehani je? Mara ya mwisho uliniambia kwamba mkanda wake umekatika na unashonea kwa mashine ya jirani. Naomba uniarifu kama umekwisha kupata mwingine. Na alizeti ya msimu huu, mliikamua wenyewe au mliiuza ikiwa mbegu? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu kwenye simu huwa hatufiki huko. Tukimaliza kuamkiana tu, yule mwanamke wa kwenye kadi ya simu anatuambia imebaki dakika moja.

Mimi namshukuru Mungu, afya yangu ni njema. Baridi imeingia, na jua linazama saa tisa alasiri kama mtu aliyeitwa nyumbani kwa dharura. Kazi ya utafiti inaendelea vizuri, na profesa wangu ameniongezea mkataba wa miaka miwili mingine. Barua hii utaletewa na mwenzangu wa chuoni anayesafiri kumwona mama yake hapo Singida; ameahidi kuifikisha mwenyewe kwa mchungaji pale Kiomboi.

Naandika kwa urefu, Dada, na nakiri mapema kwamba naandika nikiwa nimeudhika. Nimeudhika na mkahawa mmoja wa nyama ulioko katikati ya jiji, nimeudhika na wahudumu wake, nimeudhika na rafiki zangu wawili, na kwa sehemu kubwa nimeudhika na nafsi yangu. Nitaeleza kwa utaratibu, maana nisipofuata utaratibu nitapaza sauti peke yangu chumbani, na majirani wa hapa hawapendi kelele siku ya Jumapili.

Jambo lenyewe ni posa. Nilikwisha kukueleza habari za Odeta, binti wa Kirundi anayesomea uuguzi, ambaye familia yake inaishi Hjulsta, mwisho kabisa wa reli ya buluu. Baba yake, Mzee Salvatori, ni mtu wa maneno machache. Kabla ya kupokewa huku, yeye na familia yake walikaa miaka saba katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na ndiyo sababu Kiswahili chake kinanikumbusha nyumbani. Sasa hivi husafisha mabehewa ya treni za chini ya ardhi, na Jumapili ni mzee wa kanisa. Mwezi uliopita alinitumia neno kupitia kwa binti yake kwamba yuko tayari kunisikiliza.

"Mara moja," Odeta alisema, akanyoosha kidole kimoja ili nisikosee hesabu. "Baba hana tabia ya kurudia. Njoo nyumbani, lete mtu mmoja wa kukusemea. Mama atapika ndizi na maharage. Basi."

"Maharage, Odeta? Siku ya posa?"

"Baba anapenda maharage."

"Baba yako anastahili heshima kubwa zaidi ya maharage."

Akasema, "Elisante, wewe umesoma sana." Sikuelewa wakati ule kwamba hiyo haikuwa sifa.

Basi, Dada, nilifikiri kama mtu aliyesoma. Niliona kwamba chumba changu hiki, chenye jiko la kushirikiana na wanafunzi wanane, hakifai kumpokea mkwe. Niliona pia kwamba nikienda Hjulsta na kukaa kwenye kochi la watu na kula chakula cha watu, nitakuwa mwombaji mtupu. Nikaamua kumwalika Mzee mahali ambapo angeona kwa macho yake kwamba binti yake haendi kwa mtu wa kubahatisha. Najua unavyotikisa kichwa sasa. Najua kwamba posa hupelekwa kwao msichana, haiitwi mjini kama shahidi wa mahakamani. Nilijua hata siku ile. Lakini rafiki yangu Otieno, Mluo wa Kisumu ambaye nilisoma naye mwaka wa kwanza, alikuwa amekwisha kuusifia mkahawa wa Wabrazili mpaka nikaona hakuna mahali pengine duniani.

"Pale hauagizi," aliniambia. "Wewe unakaa tu kama chifu. Nyama inakuja yenyewe, aina kumi na tano, mpaka useme imetosha. Mzee ataona heshima, jamaa yangu. Mzee atakupa binti na ng'ombe wa kurudishia."

Mwaliko nikaupitisha kwa Odeta, Mzee akakubali, ikawa Jumamosi, saa nane mchana. Otieno angekuja kama rafiki. Kusema angesema Patrisi, Mkongomani wa Bukavu tunayeimba naye kwaya, mtu mwenye ulimi wa asali na suti ya rangi ya zambarau. Mimi nilivaa ile suti uliyonishonea ya mahafali. Nilibeba pia jalada la plastiki ambamo niliweka wasifu wangu wa kurasa tatu kwa Kiswahili, nakala za vyeti vyangu vyote tangu kidato cha nne, na barua ya sifa kutoka kwa profesa. Usinicheke. Nilidhani mtu anayetoa binti angependa kuona nyaraka.

Mzee alifika kabla yetu. Tulimkuta amesimama nje katika baridi, amevaa koti zito na tai, kwa sababu hakutaka kuingia kabla ya wenyeji wake. Hapo tayari tulikuwa tumekosea, na hatujaketi.

Ndani ni hivi. Katikati kuna meza ndefu ya saladi, wali na maharage, ndiyo, Dada, maharage, ambayo watu hujichukulia wenyewe. Nyama hubebwa na wahudumu wanaozunguka baina ya meza, kila mmoja ameshika chuma kirefu kama mkuki kilichochomekwa mapande ya nyama, na kisu mkononi. Mbele ya kila mlaji wameweka kibao cha duara, upande mmoja kijani, upande wa pili chekundu. Kibao kikiwa kijani, wanakuja. Ukikigeuza kikawa chekundu, wanakupita. Mpango mzuri sana kwa watu waliokuja kula. Kwa watu waliokuja kuomba mke ni balaa.

Mhudumu wa kwanza alikuja na mbavu za ng'ombe, akainama mbele ya Mzee. Mzee aliweka kiganja kifuani, akasema kwa upole, "Asante, mimi nimeshiba."

Wewe na mimi tunajua maana yake. Mgeni mwenye adabu hapokei mara ya kwanza. Anakataa, anabembelezwa, anakataa tena, anabembelezwa, mara ya tatu anasema "basi, kidogo tu", na hapo ndipo chakula kinapoanza. Mzee ni Mrundi wa malezi ya zamani, tena alikuwa mbele ya watu waliokuja kumposa binti yake. Hakuweza kurukia mbavu kama mtu aliyetoka porini. Lakini mhudumu alitabasamu, akanyoosha chuma chake, akaenda zake meza ya pili.

"Karibu Mzee, chukua kidogo," nikasema, kama inavyopasa.

"Nichukue nini, kijana?" alisema Mzee. "Nyama imeondoka."

Na ikawa hivyo hivyo kwa soseji, kwa kuku, na kwa paja la kondoo. Mzee anakataa kwa heshima, mhudumu anaamini, mimi nabembeleza hewa. Nilimwita mhudumu mmoja pembeni, nikamweleza kwa Kiswidi changu cha darasani kwamba yule mzee akikataa asimwamini, amwulize mara tatu. Alinitazama kwa huruma, akasema kwamba hapa mgeni akisema hapana, huo ndio uamuzi wake na wao wanauheshimu. Nikarudi kukaa. Kwa kuwa Mzee hajaanza, mimi na Patrisi hatukuweza kuanza. Sahani tatu zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka kabatini.

Ya nne ilikuwa ya Otieno. Sina la kusema kuhusu sahani ya Otieno.

"Otieno," nilimnong'oneza, "Mzee hajala."

"Si nimeona. Lakini huyu kondoo amekufa tayari, tukimngojea hatafufuka."

Nilipoona hali imekuwa hivyo, nilimkonyeza Patrisi aanze kusema, nikidhani maneno mazuri yangefunika sahani tupu. Patrisi alisimama, akafunga kifungo cha suti yake, akakohoa.

"Papa Salvatori," alianza, na Kongo yote ikaingia mkahawani, "tumekuya hapa na miguu yetu, lakini miguu haina akili, inafuataka moyo. Moyo yetu ilipita njia ya Hjulsta, ikaona shamba. Ndani ya ile shamba, ikaona ua moja..."

"Mapaja ya kuku?" akauliza mhudumu, chuma chake kikiwa baina ya pua ya Patrisi na uso wa Mzee.

Otieno alikatiwa mapaja mawili. Patrisi alingoja, kisha akarudi nyuma hatua moja. "Papa Salvatori," alisema, "tumekuya hapa na miguu yetu..."

"Endelea pale ulipofikia," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Hapana, mon frère, ndugu yangu. Kwetu, maneno ya bibi-arusi ikikatika, haiungwe kama kamba. Unaanza tena. Iko vile."

Akaanza tena. Safari hii alifika mpaka kwenye ua, akaanza kuisifu rangi yake, ndipo mhudumu mwingine alipoleta mioyo ya kuku, midogo midogo, imepangwa kwenye chuma kama shanga. Mimi nilikwisha kugeuza kibao changu kikawa chekundu, na cha Patrisi pia, na nikanyoosha mkono kwa adabu nikageuza hata cha Mzee. Lakini wahudumu wa pale wakiona kijani kimoja mezani, wanakuja. Na kijani hicho kimoja kilikuwa kwa Otieno.

"Otieno, geuza."

"Nigeuze nini, na bado sijaona nundu?"

"Geuza hicho kibao, nakuomba."

"Nitageuza. Wacha huyu wa mioyo apite kwanza."

Patrisi akarudi mwanzo kwa mara ya tatu. Miguu ikaja, moyo ukapita, shamba likaonekana. Mzee alikuwa amekunja mikono, anasikiliza kwa uso usioonyesha kitu, kama mtu anayengoja treni iliyochelewa. Patrisi alifika kwenye ua, akalipita, akavuta pumzi ili aseme lile neno lenyewe la kuomba. Dada, wakati huo huo taa zikazimwa. Nikadhani ni hitilafu ya umeme. Kumbe katika meza iliyo nyuma yetu palikuwa na mtu anayeadhimisha siku ya kuzaliwa. Wahudumu wote wakatoka jikoni na ngoma na filimbi, wakamzunguka wakipiga kwa nguvu zao zote, na mmoja wao, kwa furaha, akamvalisha Patrisi taji la manyoya.

Taa zilipowaka Patrisi bado alikuwa amesimama, taji kichwani.

"Ndugu yangu," Otieno alimwambia, "hilo ua litanyauka kabla hujalichuma."

Patrisi alitupa mkono kwa hasira, mkono ukagonga bakuli la mchuzi wa majani mabichi, na mchuzi ukamwagika juu ya jalada langu. Jalada halikuwa limefungwa vizuri. Mchuzi uliingia mpaka kwenye cheti cha kidato cha sita.

Naomba nikuambie wazi, kwa sababu wewe si mtu wa kufichwa: nilitamani kulia. Nilikuwa nimepewa mara moja, na mara moja ile nilikuwa naiona ikitiririka mezani, rangi ya kijani. Niliona kwamba hata nikiishi hapa miaka hamsini sitapata tena nafasi ya kuketi mbele ya mzee yule. Nilianza kufuta karatasi kwa leso, nikiomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiswidi, na sijui kwa lugha gani nyingine.

Mzee alinyoosha mkono, akachukua karatasi moja, akaifuta mwenyewe taratibu, akavaa miwani.

"Hapa wameandika unajua kuendesha gari."

"Ndiyo, Mzee."

"Unalo gari?"

"Hapana, Mzee."

"Ahaa," alisema, akaiweka chini.

Wakati huo ndipo nundu ilipokuja, nono, inavuja mafuta kama ile ya ng'ombe wa sikukuu. Mhudumu hakutazama kibao changu chekundu; kwa kuwa nilikuwa mwisho wa meza karibu naye, alinikatia mimi kwanza. Mimi! Nundu, mbele ya mkwe, aliyekaa na sahani tupu! Nilibaki na pande lile mbele yangu kama mwizi aliyekamatwa na mali. Sikujua nilirudishe, nilile, au nililifunike kwa kitambaa.

Otieno alipokatiwa lake, hakulila. Aligawanya pande lake mara mbili, akachukua nusu iliyo nono zaidi kwa vidole vyake, akainuka, akaiweka katikati ya sahani ya Mzee. Hakuuliza.

"Mzee," alisema, "hawa watu wanauliza mgeni kama askari wa mpakani. Kwetu haulizwi. Kula."

Mzee alilitazama lile pande. Akavua miwani. Akala.

"Asante, mwanangu," alimwambia Otieno.

Mwanangu, Dada! Otieno, aliyekuja kwa ajili ya kondoo! Mimi niliyepanga kila kitu kwa wiki tatu, mwenye shahada mbili na jalada, nilikuwa bado "kijana". Lakini nitakuwa mwongo nisipokiri kwamba wiki zile zote tatu sikuwahi kufikiria kumkatia Mzee nyama kwa mkono wangu. Nilifikiri kazi hiyo imelipiwa.

Baada ya hapo mimi na Patrisi tuliruhusiwa kula, tukala. Mzee alipomaliza alijifuta mikono, akageuza mwenyewe kibao cha Otieno kikawa chekundu, na Otieno hakuthubutu kupinga. Kisha Mzee akasema, na nakuandikia maneno yake kadiri nilivyoyashika.

"Nimeona karatasi. Ni nzuri. Nimesikia miguu na moyo, mara tatu. Ni vizuri pia. Sasa niwaulize ninyi wawili mliomleta huyu. Wewe Mkenya, umemjua tangu lini?"

"Miaka miwili, Mzee."

"Na wewe wa Bukavu?"

"Mwaka moja na nusu, Papa."

"Katika muda huo, njaa ilikuja lini?"

Patrisi alinitazama. Otieno akasema, "Mzee, njaa yetu ya hapa inakuja tarehe ishirini, inaondoka tarehe ishirini na tano mshahara ukiingia."

Mzee alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia mimi.

"Sikiliza. Hapa nyama inatembea yenyewe. Mahali nyama inapotembea yenyewe, kila mtu ana adabu. Kule kambini, siku walipopunguza mgao wa mahindi ukawa nusu, nilimwona mwalimu wangu mwenyewe, mtu wa vitabu, anakula amewapa watoto wake mgongo. Na nilimwona mlevi mmoja ambaye hatukuwa tukimsalimia, anagawa kibakuli chake kwa watoto wa wenzake. Tangu siku hiyo siulizi mtu amesoma wapi. Nauliza alikuwaje chakula kilipokuwa kidogo. Kwako wewe, nani anajua hilo?"

Nilitafuta jibu lenye heshima. Nilitaka kumtaja profesa, au askofu aliyenipa barua ya kusafiria. Hakuna hata mmoja aliyefaa.

"Dada yangu," nikasema. "Ndiye aliyenilea, baada ya mama kufariki."

"Yuko wapi?"

"Kiomboi, Mzee. Ni fundi wa cherehani."

"Ana simu?"

"Anayo."

"Basi yeye ndiye mshenga."

Patrisi aliruka kana kwamba amekalia sindano. "Mais, lakini Papa! Mwanamuke hawezi kuwa mshenga!"

"Na mwanamume aliyeanza posa mara tatu bila kuimaliza, huyo anaweza?"

Patrisi akavua taji.

Hivyo ndivyo ilivyo, Dada. Mzee hajakubali na hajakataa. Amesema bado hajasikiliza, kwa hiyo ile mara moja yangu haijatumika. Nimempa namba yako. Atakupigia Jumapili itakayofuata baada ya barua hii kukufikia, akitoka kanisani. Mtaelewana vizuri, Kiswahili chake ni cha Kigoma. Nilimwomba ruhusa nikuandikie kwanza usije ukashtuka. Akasema, "Mwandikie kila kitu kilichotokea leo, asipunguziwe, ajue ni watu gani wanaomposea mdogo wake. Lakini la kunijibu usimwandikie hata neno moja. Nitajua." Aliondoka na jalada langu chini ya kwapa, pamoja na mchuzi wake, akisema mama yake Odeta angependa kuona picha za kwenye vyeti.

Odeta nilimweleza jana hiyo hiyo. Alicheka kupita kiasi, nikaudhika upya. Kisha akaniambia kwamba mama yake alikuwa amepika maharage tangu asubuhi, na Mzee alipofika nyumbani alikula sahani mbili.

Tafadhali nisalimie shemeji, na umwambie kwamba viatu vya kazi alivyoagiza nimeviona, nangoja tu kupata saizi yake. Msalimie shangazi wa Ndago, mwambie kwamba naendelea kuvaa ile sweta yake ingawa mikono imekuwa mifupi. Binamu yangu fundi baiskeli umpe pongezi za mtoto. Bibi mlezi wa kwaya mwambie kwamba huku tunaimba sauti nne, na besi ni mimi. Watoto wako wote nawabusu, na yule mkubwa asome.

Nimebakiwa na neno moja ambalo sikupanga kuliandika. Tangu jana nimejaribu mara kadhaa kuwaza utamjibu nini Mzee, na kila mara narudi kwenye mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili, mtama ulipokauka ukiwa umefika magotini tu. Ulikuwa ukiniwekea sahani mezani karibu na taa, ukisema, "Kula usome, mimi nimekwisha kula jikoni." Nilikula, nikasoma. Jikoni palikuwa hatua kumi tu kutoka pale mezani, na mwaka mzima ule sikuwahi kuinuka kwenda kutazama ndani ya sufuria.

Nilikuwa mtoto, najua utasema hivyo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu.

Mzee akikuuliza, usinifunike, Dada. Mwambie kama ilivyokuwa, hata kama kwa jibu hilo sitampata Odeta. Na swali langu mimi ni hili: siku zile uliposema umekula, ulikuwa umekula? Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,
Elisante